Sungura Aliyepokonywa Mama

Kisa cha Peter Rabbit kilianza mwaka 1893 kwa barua. Bi Beatrix Potter wa Uingereza alimwandikia mtoto mgonjwa ili amliwaze kitandani. Kitabu chenyewe kikatoka 1902. Nguzo yake ni mama. Anawakanya wanawe wasiingie shamba la Bwana McGregor, maana huko ndiko baba yao alikonaswa akapikwa pai. Peter anakaidi, anapoteza viatu na kikoti chake cha buluu, anarudi hoi. Mama anamlaza na kumnywesha chai ya kamomili. Dada zake watiifu wanakula mkate, maziwa na matunda meusi ya mwituni. Adabu yote imo katika chajio hicho.

Tulipoitazama filamu ya 2018 pamoja na wajukuu, tulimtafuta mama huyo tusimwone. Amekwisha kufa. Picha zinapendeza, manyoya utadhani utayashika, na watoto walicheka, hilo hatulikani. Lakini Peter huyu ni wa vita. Katika pigano moja, sungura wanamrushia Tom McGregor kinywani tunda lile lile jeusi, wakijua lamdhuru, hata anajidunga sindano ajiokoe. Wazazi wa watoto wenye maradhi hayo walilalamika, na Sony ikaomba radhi.

Hadithi ya kumliwaza mgonjwa, leo yachekea ugonjwa!

Hatusemi watoto wanyimwe filamu. Bali mama aketi nao, na sehemu hiyo ifikapo awaulize: mamake Peter angalikuwepo, angalisema nini?