Vilele Saba kwa Siku Moja: Rafiki Ndiye Huiona Hatari Kwanza

Katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ipo safu ya milima iliyopewa majina ya marais wa nchi hiyo. Majira ya joto yafikapo, makundi ya marafiki huamka kabla ya alfajiri ili wavipande vilele saba kwa siku moja: Madison, Adams, Jefferson, Washington, Monroe, Eisenhower na Pierce. Njia hiyo huzidi kilomita 30. Kilele cha Washington, kirefu kuliko vyote, kina mita 1,917 tu, yaani takriban theluthi moja ya Kilimanjaro. Udogo huo huwahadaa wengi.

Bondeni jua huwaka, jasho huwatoka wapandaji, na sweta huonekana kuwa mzigo usio na maana. Hata hivyo, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Miti ikishakwisha, njia hubaki wazi kwa saa nyingi, bila kichaka cha kujikinga. Upepo wa huko ni mkali mno. Aprili 1934 waangalizi wa hali ya hewa waliokuwa kileleni Washington walipima kasi ya kilomita 372 kwa saa. Mnamo Septemba 1855, msichana Lizzie Bourne alipanda mlima huo mchana pamoja na jamaa zake wawili. Giza na upepo viliwakuta njiani, naye akafariki usiku ule. Kulipopambazuka, jamaa zake waliona kwamba nyumba ya wageni ya kileleni ilikuwa karibu nao.

Uchovu, nguo mbichi na upepo vikikutana, mwili hupoteza joto kwa haraka kuliko unavyoweza kulizalisha. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, hali hiyo huitwa haipothemia. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa, vidole hushindwa kufunga vifungo, na mwenye uchangamfu huanza kununa au kuomba aachwe apumzike kidogo. Kwa kuwa ubongo nao umepoa, mgonjwa hajitambui. Atasema kwamba hana neno. Ndiyo maana jukumu la kuitambua hatari huwaangukia wenzake. Kutetemeka kukikoma ilhali mtu bado amepoa na amechanganyikiwa, hiyo si nafuu, bali ni dalili kwamba hali imekuwa mbaya zaidi.

Hapo safari ya vilele haina budi kukoma. Mgonjwa akingwe na upepo, avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu pamoja na kofia, na awekewe kitu cha kumtenga na ardhi. Akiwa na fahamu timamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Asipewe pombe, wala asisuguliwe mikono na miguu. Aliyepoteza fahamu abebwe kwa upole, kwani moyo uliopoa huweza kuvurugika mapigo kwa mtikiso mdogo, na msaada uitwe mara moja.

Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa kutoka mlimani, iwe New Hampshire au chini ya Kilimanjaro, akumbuke kwamba vipimajoto vingi vya homa havisomi vizuri chini ya nyuzi 35. Penye shaka, dalili zipewe uzito kuliko namba.

Kwa wapandaji, kinga huanza nyumbani: nguo za sufu badala ya pamba, koti la mvua, chakula cha ziada na tochi, hata anga ikiwa nyeupe. Kabla ya kuondoka, marafiki wakubaliane mambo mawili: mwendo utakuwa wa yule aliye mzito kuliko wote, na yeyote atakayesema, "Turudi," atasikilizwa bila kubishiwa.