Protini ya HER2 Inavyoongoza Tiba ya Saratani ya Matiti

Wanawake wawili wanaweza kuugua saratani ya matiti, lakini dawa inayomfaa mmoja isimsaidie mwenzake. Sababu mojawapo ni HER2, protini inayokaa juu ya seli na kuichochea ikue na kugawanyika. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huwa nayo kwa wingi kupita kiasi, hivyo uvimbe wake hukua kwa kasi.

Utafiti wa protini hiyo ulizaa dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1998. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Dawa hiyo hujishikiza kwenye HER2 na kuzuia uchochezi huo.

Kwa kawaida, mgonjwa asiye na HER2 kwa wingi hanufaiki na dawa hiyo. Hubaki na gharama pamoja na hatari ya moyo kudhoofika. Ndiyo maana kipande cha uvimbe hupimwa maabara kabla ya kuchagua tiba. Mgonjwa anashauriwa kumuuliza daktari wake majibu ya kipimo hicho, kwani ndiyo yanayoonesha kama dawa hiyo inamfaa.