Je, Wajua? Galaksi Zilizojengwa kwa Udongo wa Dunia

Je, wajua kwamba Tatooine, sayari ya jangwa alikokulia Luke Skywalker wa Star Wars, ina jina la mji wa Afrika? Mji wenyewe ni Tataouine, kusini mwa Tunisia. George Lucas alianza kupiga picha za filamu hiyo nchini humo mwezi Machi 1976, na hakuondoka na jina peke yake. Nyumba aliyolelewa Luke iko Matmata: shimo kubwa la mviringo lililochimbwa ardhini, wazi juu kama kisima kipana, na vyumba vimechongwa kwenye kuta zake pande zote. Waberberi wa huko huchimba makao ya namna hiyo kwa sababu udongo huwakinga na joto la mchana na baridi ya usiku. Nyumba iliyotumika ilikuwa tayari ni hoteli, inaitwa Sidi Driss. Kuba nyeupe tunayoiona Luke akiwa nje haipo Matmata hata kidogo. Ilijengwa kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid, kwa hiyo kijana anaingia mlango wa mahali pamoja na kutokea ua wa mahali pengine.

Hapo ndipo ninapoipenda kazi hii. Galaksi ya kubuni haitoki hewani. Mjenzi wake huokota kilichopo duniani, akakiunga mahali ambapo hatukutarajia kukiona.

Je, wajua kwamba piramidi za mwezi wa Yavin 4, ngome ya waasi, ni magofu ya Wamaya ya Tikal, Guatemala? Na theluji ya sayari ya Hoth ni ya Finse, nchini Norwei.

Je, wajua kwamba mpini wa upanga wa nuru wa Luke ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya zamani, aina ya Graflex? Na vyombo vya anga vilivyotutoa macho mwaka 1977 vilibandikwa vipande vya vifaru, meli na ndege za plastiki, zile modeli za kuunganisha ambazo watoto hununuliwa madukani. Mafundi walivifungua vifurushi kwa wingi, wakachagua vipande, wakavigandisha, kisha wakavipaka rangi ya uchafu na masizi. Lucas alitaka galaksi iliyokwisha kutumika, yenye mikwaruzo na mafuta yaliyomwagika. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote aliyofanya. Kitu kilichochakaa kina jana yake, na mtazamaji akiona doa la mafuta anaamini kwamba kuna mtu alikitengeneza chombo kile kabla kamera haijawashwa.

Sauti je? Fundi wa sauti Ben Burtt alichukua mvumo wa mota ya projekta ya sinema, akauchanganya na mlio ambao waya mbovu wa maikrofoni uliudaka nyuma ya televisheni. Huo ndio upanga wa nuru. Ili usikike ukikata hewa, aliupiga mlio huo kwenye spika huku akipunga maikrofoni nyingine mbele yake. Ndege za kivita za Dola ni mlio wa tembo uliounganishwa na gari linalopita barabara yenye maji. Pumzi ya Darth Vader ni ya kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi.

Sasa sikiliza hili vizuri. Je, wajua kwamba katika Return of the Jedi ya mwaka 1983 kuna rubani anayesema Kikuyu? Anaitwa Nien Nunb. Ana macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia, naye huketi kando ya Lando Calrissian ndani ya Millennium Falcon wakati wa shambulio la mwisho. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati huo. Jina ni la Kikalenjin, maneno ni Kikuyu, na mtazamaji wa Nyeri au Kiambu alielewa kile ambacho wengine ukumbini walidhani ni lugha ya nyota za mbali. Filamu mpya ilipotoka mwaka 2015, Rotich aliitwa tena kumsemea rubani yule yule.

Kwa nini hawakubuni lugha yao? Lugha ya kubahatisha husaliti ulimi wa aliyeibuni. Mara tatu nne unaanza kusikia silabi zake zile zile zikirudi. Lugha ya watu ina pumzi yake, ina mahali pa kupanda na pa kushuka. Burtt alilijua hilo, ndiyo maana lugha ya mhusika Greedo ilitokana na Kiquechua cha milima ya Andes. Hata hivyo, naona lipo deni hapa. Wakikuyu na Waquechua waliikopesha galaksi ile ndimi zake, na wengi walioshangilia hawakujua wanamsikia nani.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilifika angani kabla ya hapo? Kipindi cha kwanza cha Star Trek kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kina kiumbe anayejigeuza umbo. Anapomkaribia Luteni Uhura anachukua sura ya mwanamume, na anamsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, kumbukumbu ya Uhura inafutwa na anafundishwa kusoma upya. Akikwama kwenye Kiingereza, kinachomtoka ni Kiswahili. Jina lake limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Jina lake la kwanza lilithibitishwa kwenye filamu ya 2009, nalo halihitaji tafsiri kwetu: ni Nyota.

Je, wajua kwamba msomaji wa Kiswahili anaingia katika riwaya ya Dune akiwa na ufunguo mkononi? Frank Herbert aliwapa Wafremen, watu wa jangwa la sayari ya Arrakis, msamiati mwingi wa asili ya Kiarabu. Kijana Paul, mhusika mkuu, anaitwa Mahdi, neno tunalolijua. Anaitwa pia Lisan al-Gaib. Mwenye kujua maana ya ghaibu amekwisha kushika nusu ya cheo hicho. Jina lake la jangwani ni Muad'Dib, na katika Kiarabu muaddib ni mwalimu, yule afunzaye adabu. Mwongozo wa Wafremen unaitwa Kitab al-Ibar, jina ambalo Ibn Khaldun, mwanahistoria aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alilipa kitabu chake kikubwa. Ukitoka Tatooine umerudi tena Tunisia!

Mbegu ya Dune yenyewe ilikuwa mchanga wa Oregon, Marekani. Mwaka 1957 Herbert alikwenda huko kuandika makala juu ya serikali kupanda nyasi ili kuzuia vilima vya mchanga visitembee na kumeza barabara. Makala hiyo haikutoka kamwe. Mchanga ukamganda akilini, akausoma kwa miaka, na riwaya ikatoka 1965 baada ya wachapishaji zaidi ya 20 kuikataa. Aliyeikubali ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari. Leo nyanda za Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, zimepewa majina ya sayari za Dune.

Je, wajua kwamba Isaac Asimov alijenga dola la galaksi nzima akiwa amesoma historia ya kuanguka kwa Roma iliyoandikwa na Edward Gibbon? Hadithi ya kwanza ya Foundation ilitoka 1942. Mji mkuu wa dola hilo, Trantor, umeifunika sayari nzima kwa chuma na una watu bilioni 40. Asimov hakuishia kutaja idadi. Aliuliza watu wote hao wanakula nini, akajibu: mazao ya sayari 20 za wakulima, yanayoletwa kila siku kwa meli. Kwa jibu hilo moja tunaona pia jinsi mji utakavyoanguka, maana anayeikata njia ya chakula ameushika koo. Anayetaka kujenga ulimwengu wake aanzie sokoni kabla ya kufika ikulu.

Je, wajua kwamba parseki ni kipimo cha umbali, wala si cha muda? Moja ni sawa na miaka-nuru 3.26. Han Solo wa Star Wars alijisifu kwamba alimaliza safari ya Kessel chini ya parseki 12, na mashabiki wamekuwa wakibishana juu ya maana yake tangu 1977.

Na majua mawili yanayozama pamoja Tatooine? Mwaka 2011 NASA ilitangaza Kepler-16b, sayari inayozunguka nyota mbili kwa siku 229, zaidi ya miaka-nuru 200 kutoka hapa. Galaksi yetu peke yake ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Hakuna mwandishi aliyewahi kuijaza.

La mwisho. Je, wajua kwamba kuna riwaya fupi ya safari za nyota inayoitwa Binti? Iliandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ikatoka 2015 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula. Binti ni msichana wa Wahimba wa Namibia, bingwa wa hesabu, anayetoroka usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Anasafiri na chupa ya otjize, mchanganyiko wa udongo mwekundu na mafuta ambao wanawake wa kwao hujipaka mwilini na kwenye nywele. Meli yake ni kiumbe hai. Inavamiwa, na udongo ule unageuka kuwa dawa inayoponya vidonda vya maadui zake. Akifika chuoni chupa inaelekea kwisha, na nyumbani ni mbali mno kuagiza nyingine. Basi anaingia msituni kwenye sayari ile ngeni, anapiga magoti, anachimba udongo wa huko, anauchanganya na mafuta ya ua aliloliona hapo, kisha anaujaribu kwenye kovu la rafiki yake, mmoja wa wavamizi wale.