Ili Kizibo cha Jino Kishike

Juma hili nazungumzia kuosha mzizi wa jino. Daktari akishatoa kiini kilichooza, huosha tundu kwa sodiamu haipokloraiti, kemikali iliyomo pia katika dawa ya kung'arisha nguo. Huua vijidudu na kuyeyusha mabaki ya nyama. Lakini huacha oksijeni kwenye ukuta wa jino, nayo huizuia resini, ile dawa nyeupe ya kuzibia, isigande na kushika barabara. Kizibo kikiachia, mate na vijidudu hurudi ndani, na jino laweza kuishia kung'olewa.

Kinga ipo: kuosha tena kwa sodiamu askobeti, chumvi ya vitamini C, kabla ya kuziba. Basi nakushauri umwulize daktari wako. Kuuliza si ujinga.