Sunderland alikula tano, lakini si yule wa Uingereza

PANGANI. Gazeti la zamani lina kazi nyingi huku pwani. Kufungia karanga, kutandika kabatini, kuwashia mkaa. Likibahatika kusomwa kabla halijalowa mafuta, shabiki anaweza kusahau karanga zenyewe.

Mpe kijana anayesubiri kivuko cha Bweni matokeo ya Juni 1, 1968: Yanga 5, Sunderland 0. Atashangaa, kwani Yanga ilikwenda lini Uingereza? Wazee wa kijiweni ndio watakaomwambia kuwa Sunderland ni hawa hawa Simba, jina walilibadilisha 1971. Na mzee akiwa wa Msimbazi, hakawii kuhamisha mada hadi Julai 19, 1977, Mnyama aliposhinda 6-0. Hiyo nayo imeandikwa, mgosi, hakuna wa kuifuta.

Halafu kuna Machi 1969. Sunderland iligoma kuingia uwanjani, Yanga ikapewa ushindi. Machi 8, 2025 dabi ikaota mbawa tena, safari hii Simba ikisema haichezi kwa sababu ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Miaka 56 katikati, mwezi ule ule! Tofauti ni kwamba siku hizi matusi yanapitia kwenye simu.

Ukirudi nyuma zaidi, Tanga ilikuwa na gazeti lake, Kiongozi, lililochapwa shuleni enzi za Mjerumani. Baadaye, 1923, likaja Mambo Leo kutoka Dar es Salaam, na humo wasomaji walituma habari za miji yao. Mechi ya mpira ilibanana na mvua, harusi na simba aliyevamia kijiji. Simba wa porini huyo, wa Msimbazi alikuwa hajazaliwa.

Sasa njoo 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi. Kwenye orodha ya mabingwa, Wagosi wa Kaya wamepewa mstari mmoja tu, basi. Nani alizimia Mkwakwani, nani alitoka Pangani, kilomita kama 50, akafika mpira umekwisha, hayo hayamo kwenye orodha. Yamebaki kwa wazee, ambao wanapungua, na kwenye magazeti ya wiki ile, ambayo yanapungua haraka zaidi.

Kwa hiyo ukinunua karanga pale kivukoni, kula, lakini karatasi usiitupe mtoni. Igeuze kwanza uone upande wa pili nani kafungwa.