Pembe Kali za Wim Crouwel

Mwenye duka la simu akija kwangu kutaka kibao, mara nyingi huja na picha kwenye simu yake: herufi nene, zimekatwa kona, hazina duara hata moja. "Dada, nitengenezee za hivi, za kisasa." Wenye jimu wanazitaka, wenye studio za muziki wanazitaka, hata vijana wa bodaboda kwenye stika zao. Nami nazipenda kwa dhati, na ndiyo maana nataka wanaozitumia wajue zilikotoka. Zinaonekana kama za roketi, lakini sura yake haina uhusiano na safari za angani. Chanzo chake ni mashine zilizokuwa zikishindwa kusoma na kuchora kama binadamu.

Aliyewahi kushika hundi ya benki ameshawaona ndugu zao wakubwa. Zile tarakimu za chini, zenye mafundo ya unene mahali usipoyatarajia, zilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950. Huchapwa kwa wino wenye sumaku, na kila fundo limewekwa pale ili mashine ipate mawimbi tofauti kwa kila tarakimu, isichanganye 3 na 8. Ziko tarakimu kumi na alama nne, basi. Katikati ya miaka ya 1960 Mwingereza Leo Maggs aliifuata sura hiyo akachora alfabeti nzima, nayo ikaitwa Westminster.

Lakini aliyelichukua jambo hili kwa uzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mholanzi Wim Crouwel. Alizaliwa mwaka 1928, na mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Total Design, ofisi ya usanifu jijini Amsterdam. Wakati huo mashine za kwanza za kielektroniki za kupanga maandishi zilikuwa zinaingia sokoni. Zilichora herufi kwa miali kwenye kioo kama cha televisheni, nukta kwa nukta. Herufi L au T ilitoka safi. O na S zilitoka na ukingo wa ngazi-ngazi, na kila ukibadilisha ukubwa, ngazi nazo zilibadilika. Herufi zilizochongwa karne nyingi zilizopita kwa ajili ya chapa za madini ya risasi na karatasi zilikuwa zinararuliwa.

Mwaka 1967 Crouwel alichapisha kijitabu chenye jibu lake, New Alphabet. Aliondoa mikunjo yote. Ikabaki mistari ya wima na ya mlalo, na kona zilizokatwa kwa nyuzi 45. Kila herufi ina upana uleule. Herufi kubwa hazipo: ukitaka kuonyesha herufi kubwa, unaweka mstari juu ya ile ndogo. Na kwa kuwa m na w hazikuenea katika upana huo, m ikawa n iliyopigiwa mstari chini, na w ikawa v iliyopigiwa mstari chini.

Hapo mimi, mtu wa Kiswahili, nasimama kidogo. Lugha yetu inaishi kwa m na w. Andika "mwanamwali" kwa herufi hizo na utakuwa na mistari minne chini ya neno moja. Mholanzi hakuwa na sababu ya kutufikiria, lakini jambo hili linaonyesha kwamba hakuna alfabeti isiyo na lugha ndani yake.

Hata Waholanzi walimpinga. Gerard Unger, kijana wakati ule, alitoa kijitabu cha kumjibu mwaka huohuo, akitetea herufi ambazo msomaji amezizoea. Baadaye Unger alichora Demos, herufi za kusoma vitabuni, kwa ajili ya mashine ya Digiset ya kampuni ya Hell ya Ujerumani, mashine ya aina ileile iliyomsumbua Crouwel. Kwa maandishi marefu Unger alikuwa sahihi kabisa. Mashine ziliboreshwa, mikunjo ikarudi, na Crouwel mwenyewe alisema hakukusudia alfabeti yake itumike kama ilivyo. Ilikuwa hoja iliyochorwa.

Mwaka 1988 hoja hiyo ilipanda kwenye jalada la albamu ya bendi ya Kiingereza Joy Division, Substance, kwa mkono wa wabunifu Peter Saville na Brett Wickens. Waliinenepesha na kuirekebisha ili isomeke. Anayeifahamu alfabeti ya Crouwel hulisoma jina hilo "subst1mce", lakini waliobaki husoma neno sahihi bila shida. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliiweka New Alphabet katika mkusanyiko wake. Crouwel alifariki mwaka 2019.

Kwa hiyo mteja akitaka kibao kizima kwa herufi za pembe, namwomba tuchague neno moja tu, jina la duka, liwe fupi na kubwa. Bei, namba ya simu na "tunatengeneza vioo na chaji" naziandika kwa herufi za kawaida zinazosomeka hata daladala ikiwa mwendoni. Kisha naangalia a, m na w kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu fonti nyingi za aina hii zinachorwa na watu wasiozihitaji kwa wingi kama sisi. Ikibidi nazichora upya mwenyewe. Na kona za nje nazilainisha kidogo sana kabla ya kuipa mashine ya kukatia stika, maana kona kali ndiyo huanza kubanduka jua likiwaka.