Walokole na Desturi ya Kutembea Nuruni

Mkutano wa ushirika wa walokole, yaani Wakristo waliookoka, hauhitaji mimbari. Watu huketi sebuleni kwa mmoja wao, chini ya mti, au katika darasa siku isiyo ya masomo. Huimba, husali, husoma kifungu cha Biblia, kisha yeyote mwenye neno husimama. Hazungumzii dhambi za ulimwengu. Husema kwamba juzi alimjibu mkewe kwa ukali mbele ya watoto, kwamba amekwisha kumwomba msamaha, na kwamba sasa analiweka jambo hilo nuruni mbele ya ndugu. Wenzake huitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao waliookoka waliubeba kutoka nchi hadi nchi, naye mwingine husimama.

Hiyo ndiyo desturi iliyoubeba Uamsho wa Afrika Mashariki, na mimi naamini kwamba bila desturi hiyo uamsho wenyewe ungezimika mapema. Mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa na kiu ya kumjua Mungu zaidi, wakaketi kusoma Biblia na kuomba pamoja. Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali ya Gahini aliyekuwa amechoshwa na kazi na mabwana zake, naye akamwendea Nsibambi na malalamiko yake. Aliulizwa habari za moyo wake mwenyewe, akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alihubiri toba kwa moto hadi alipofariki Januari 1936. Kabla ya muongo huo kwisha, habari zilikuwa zimefika Kenya, na Bukoba magharibi mwa Ziwa Viktoria.

Waliookoka waliitana ndugu na dada, na udugu huo ulikuwa na madai yake. Mzungu aliyemdharau mhudumu wake alitarajiwa kukiri mbele ya mhudumu huyo huyo, tena enzi za ukoloni. Aliyeiba alirudisha: jembe kwa jirani, fedha kwa mwajiri, vitabu kwa shule. Kurudisha kulikuwa sehemu ya kutubu, kwa hiyo machozi ya ushirikani peke yake hayakutosha. Ndipo watu wa nje, hata wale waliowaona ndugu hawa kuwa ni wasumbufu, walipokubali kwamba kuna jambo limetokea.

Nyumbani ndiko mageuzi yalikoonekana zaidi. Katika jamii ambazo mume alikula peke yake na mke na watoto wakala jikoni, walokole waliketi pamoja. Buganda, ambako mila iliwakataza wanawake kuku na mayai, wanawake waliookoka walikula bila woga. Mchumba alipelekwa kwanza kwa ndugu, wakamjua na kuombea jambo hilo. Arusi zao zilikuwa za chai na nyimbo. Kwa Wahaya wa Bukoba hilo lilikuwa jambo zito mno, kwa sababu posa bila rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa kama kuwanyima wazee heshima yao. Vijana wengi walitengwa na ukoo kwa sababu ya kibuyu kimoja cha pombe ambacho hawakukileta. Ndugu wa ushirika ndio waliosimama mahali pa wajomba na mashangazi, wakachanga, wakapika, wakaimba.

Kanisa nalo halikuwapokea kwa urahisi. Mwaka 1941, katika chuo cha teolojia cha Mukono, wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mstari wa mbele, walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Hata hivyo wengi wa walokole hawakuanzisha dhehebu. Walibaki Waanglikana na Walutheri, wakiketi kwenye mabenchi yale yale pamoja na waliowakejeli. Josiah Kibira, aliyeokoka katika uamsho huo, akawa askofu wa Bukoba, na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani.

Kenya, miaka ya Mau Mau, ndugu wa Kikuyu walibanwa pande mbili. Walikataa kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuinywa ya mbuzi. Wengi wao walikataa pia bunduki za serikali, kwa kuwa hawakutaka kumuua mtu yeyote. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo, na majirani waliowaita vibaraka wa wazungu walikosea.

Lakini nuru ya walokole ilikuwa na pembe ambazo haikuzifikia. Ushirika ulijua kupima urefu wa gauni na mtindo wa nywele, na mwenye neno tofauti aliambiwa kwamba amepoa. Kibaya zaidi, walizoea kutubu hasira na uongo, wakawa wazito kutaja chuki ya kabila na ukimya mbele ya watawala. Rwanda, nchi ya Gahini, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Kulikuwa na ndugu waliowaficha jirani zao hadi kufa pamoja nao, lakini viongozi wengi wa makanisa walikuwa wamekaa karibu mno na serikali hata wasiweze kusema lolote.

Kwa hiyo namthamini Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, naye mlokole tangu 1948, aliuawa baada ya maaskofu kumwandikia rais wa nchi hiyo, Idi Amin, barua ya kupinga mauaji na maonevu. Kivengere alivuka mpaka kwa miguu usiku pamoja na mkewe. Baadaye alieleza kwamba uhamishoni aligundua chuki aliyokuwa nayo dhidi ya Amin, akaitubu kama alivyofundishwa ushirikani, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha kusema kwamba anampenda Amin. Hakuacha kuutangazia ulimwengu mabaya ya utawala ule. Alifanya yote mawili, na hadi Amin alipoanguka mwaka 1979 aliendelea kuwahudumia Waganda waliokimbia nchi yao.